Wino wa Cyril Dzurko

Chini ya taa ya zambarau, ile inayotofautisha wino na wino, ndani ya stoo ya mifagio ya ukumbi wa zimamoto, jina la Cyril Dzurko lilikuwa la watu wawili. Wino wa juu uling'aa kijani kama nyasi baada ya mvua. Wa chini uliumeza mwanga wala haukurudisha kitu. Nilikuwa nimechuchumaa kati ya ndoo na dekio, mpira mkononi, lenzi jichoni, harufu ya samaki wa kukaanga ikipenya chini ya mlango. Upande wa pili wa mlango huo, mezani pangu, alikaa Bi. Wilma Dzurko, akisubiri nimwambie kama sahihi ile ilikuwa ya kaka yake.

Nilizima taa, nikaiwasha tena. Aliyezoea kazi hii hangojei muujiza, lakini taa huiwasha mara ya pili hata hivyo.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni kuwavunja watu moyo kwa adabu. Mtu anakuletea mpira wa besiboli uliotiwa sahihi, amekwisha kuugawa kichwani mwake: paa jipya, ada ya chuo ya mjukuu, safari ya Florida. Wewe unaugeuza mara mbili tatu, unamwambia ukweli, naye anakuchukia mpaka anaingia kaburini. Mwaka ule wa themanini na nane watu walikuwa wamepagawa. Magazeti yalikuwa yameandika habari za mipira iliyouzwa bei za kutisha, na kila dari la nyumba kando ya Mto Monongahela lilipekuliwa. Mimi nilikuwa na meza yangu ukumbini kila Ijumaa ya Kwaresima, kwa kuwa Ijumaa hizo mji mzima ulikuja kula samaki, na aliyekuja kula alikuja na mpira mfukoni.

Mzee mmoja wa reli aliniletea mpira aliokuwa ameupaka vanishi mpaka ukawa na rangi ya chai ya maziwa.

"Nimeupaka kwa mkono wangu," akasema, kifua mbele. "Usichakae."

"Haujachakaa hata kidogo," nikamwambia. "Sasa hakuna atakayeutaka."

"Hujui kitu wewe," akasema, akaenda zake kupanga foleni ya samaki.

Mwingine alileta sahihi ya nyota mkubwa, nzuri, imenyooka, imekaa pale mishono inapokaribiana, ndipo wakusanyaji wanapopapenda. Tatizo ni kwamba nyota wengi wa enzi zile walikuwa na mtu wa kuwasainia, kijana wa chumba cha kubadilishia nguo aliyeng'arisha viatu mchana na kuiga miandiko jioni. Mwandiko wa huyo kijana mara nyingi ni mzuri kuliko wa bwana wake. Hivyo ndivyo tunavyomkamata.

Na hata sahihi ikiwa ya kweli, nyota aliyeishi miaka themanini akasaini kila alichopewa, vitambaa vya mezani na magongo ya watu waliovunjika miguu, hana bei ya kutisha. Yuko kila mahali. Anayewanyima usingizi wakusanyaji ni yule aliyecheza siku moja, akafa mapema, na hakuna aliyekumbuka kumwomba jina lake. Mkusanyaji wa kweli ana maradhi ya kutaka kila mmoja. Ukimpa wote kasoro mmoja, usidhani atakushukuru kwa hao wote. Usiku anamwota huyo mmoja.

Cyril Dzurko alikuwa huyo mmoja. Septemba ya mwaka arobaini na tisa alipandishwa kutoka timu za chini, akaingia kutupa mpira kwa timu ya jiji letu mchezo ukiwa umekwisha kuharibika. Wapigaji watatu wa kwanza aliwapa besi, yaani kituo cha kwanza, bure, mipira yake ikienda kombo kama mbuzi aliyekatika kamba. Wa nne aliupiga mpira ukapotelea huko. Kocha akatoka, akamnyang'anya mpira, na hiyo ndiyo ikawa safari yake yote katika ligi kuu. Kwenye kitabu cha rekodi ana mstari mmoja. Wastani wa mtupaji hupatikana kwa kugawa mabao aliyofungwa kwa idadi ya wapigaji aliowatoa, na Cyril hakumtoa hata mmoja, basi pale kwenye wastani wameweka ile alama ya nane iliyolala, ya kitu kisicho na mwisho. Mwaka uliofuata jeshi lilimchukua likampeleka Korea.

Mimi haya niliyajua kwa sababu ya Dakta Alden Truax. Huyu alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, mtu mrefu, mkavu, aliyekusanya sahihi ya kila mwanamume aliyewahi kuvaa jezi ya timu yetu tangu kumalizika vita vile vya kwanza. Kila mmoja, bora na ovyo. Alikuwa ameahidi kwamba akifa kabati lake litakwenda makumbusho ya jiji, na jiji lilikuwa limekwisha kumtengea chumba. Alikuwa amebakiza Dzurko tu.

"Fusco," alikuwa akiniambia kila tulipokutana, "ukimpata Dzurko nipigie simu hata kama niko ndani ya jeneza. Nitapokea."

Basi fikiria hali yangu Ijumaa ile, nimekaa chini ya picha za wakuu wa zimamoto waliopita, pale alipokuja mwanamke mfupi mwenye koti la mvua, amekumbatia glavu ya kutolea mikate kwenye oveni. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa mpishi wa shule ya parokia, na nusu ya watu waliokuwa wakila mle ndani aliwahi kuwapakulia supu na kuwakaripia wamalize.

"Wewe ndiye Fusco?"

"Ndiye."

"Wa Fusco fundi viatu?"

"Ni ami yangu."

"Ami yako alinishonea kiatu kikanibana mwaka mzima." Alivuta kiti akakaa. Akaingiza mkono ndani ya glavu, akatoa mpira, akauweka mbele yangu taratibu kama mtu anayeweka yai. "Haya. Huyu ni kaka yangu."

Hakusema huu ni mpira wa kaka yangu. Nilisoma jina, nikalisoma tena. Mpira ulikuwa sawasawa: chapa ya ligi, chapa ya rais wa ligi wa miaka ile, ngozi iliyoiva rangi ya siagi. Jina lilikuwa pale panapotakiwa, wima, limesomeka vizuri mno. Lile vizuri mno ndilo lililonitia wasiwasi.

"Alisaini wapi?"

"Jikoni kwetu. Alirudi na basi usiku uleule walipomtoa. Baba alikuwa kiwandani zamu ya usiku, Mama amelala. Akaniambia, Wilma, leta kalamu ya Mama, nisaini mmoja kabla hawajanisahau. Nilicheka. Nilikuwa msichana, sikujua kama anasema kweli."

"Na sasa unataka kuuza?"

Alinitazama kama niliyemwaga supu. "Nani kasema kuuza? Nasikia kuna daktari ana kabati la wachezaji wote, na litakwenda makumbusho."

"Yupo."

"Nataka Cyril akae na wenzake. Mama yuko kilimani pale kanisani, Baba yuko kando yake. Cyril hayuko popote. Jeshi lilituletea simu ya upepo kwamba hajulikani alipo, na mpaka leo hajulikani. Mtu lazima awe na mahali, Fusco. Huyo daktari atamchukua?"

"Dakta Truax hachukui kitu bila karatasi yangu."

"Basi andika."

Aliniambia hayo huku akinisogezea kalamu yangu mwenyewe. Nikamwomba dakika chache, nikachukua taa, nikaingia stoo.

Nilipotoka alikuwa vilevile, mikono juu ya meza. Nimewahi kuwaambia watu mambo mabaya huku natafuna, lakini hapo niliona bora nikae kwanza.

"Bi. Dzurko, nani amegusa wino huu?"

"Mimi."

Alisema bila haya yoyote. Nikamuuliza lini.

"Kila Jumamosi Kuu. Wewe umekulia hapa, hujatuona? Tunapanda kilimani na vikopo vya rangi, tunapaka herufi za makaburi ili Pasaka iwakute wasafi. Nikimaliza Mama na Baba narudi nyumbani, nakaa jikoni, nampaka na yeye. Alikuwa ameanza kufifia."

"Mnamweka wapi?"

"Dirishani, juu ya sinki. Alipenda jua."

Niliwaona kila mwaka, bila shaka, wanawake wa upande wao, uzao wa wahamiaji waliokuja na desturi zao kutoka ng'ambo, wakipiga magoti na brashi nyembamba, ndimi nje kwa umakini, wakipitisha rangi nyeusi ndani ya herufi zilizochongwa. Haikunijia akilini kwamba kuna mtu angefanya hivyo kwa mpira. Lakini ukiwa na maiti asiye na jiwe, utapaka nini? Bandu bandu huisha gogo, na kwa bandu bandu ya kila Pasaka, kwanza kalamu ya shule, kisha biki ya bure ya benki, dada yake alikuwa amelimaliza jina zima.

"Bi. Dzurko," nikamwambia, "mpira una maadui wengi. Jua ni mmoja, vanishi ni mmoja. Lakini wakusanyaji hakuna wanachokiogopa kama wino uliopitiwa juu. Kalamu ya mtu mwingine ikishapita, mwandiko si wa kaka yako tena."

"Ni wa nani?"

"Wako."

Ukumbi ulikuwa na kelele. Mtu alikuwa akiita namba za sahani. Bi. Dzurko aliuchukua mpira, akausogeza karibu na uso, akautazama kama anayeangalia kama nyama imeiva.

"Kwa hiyo nimemfuta."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, ila kwa adabu."

Nilimwonea huruma, na huruma ni kitu kibaya kwenye kazi yangu. Mthamini mwenye huruma ni tapeli anayejifunza. Nikaitia lenzi mfukoni. Yeye ndiye aliyeendelea.

"Sasa ni bei gani?"

"Mpira wa zamani, wa ligi, wa mwaka ule. Utapata chakula cha jioni cha watu wawili. Mahali pazuri."

"Na kama nisingeugusa?"

Nilianza kupanga karatasi zangu.

"Sema, mwanangu. Mimi ni mtu mzima."

"Gari. Jipya."

"Sijui kuendesha," akasema, akaurudisha mpira ndani ya glavu. Nilidhani ataondoka. Badala yake alifunga vifungo vya koti mpaka juu. "Nipeleke kwa huyo daktari."

"Atakataa."

"Najua atakataa. Akatae nikimwona."

Nilimpigia Truax simu jioni ile. Nilimwambia nimempata Dzurko, na kabla hajapumua nikamwambia lililobaki.

"Jina lote?"

"Kila herufi."

"Hata nukta ya i?"

"Hata nukta."

"Kwa kalamu gani?"

"Biki ya benki."

"Mungu wangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya ajali. "Usiniletee, Fusco. Sitaki kuuona."

"Siuleti mpira. Namleta dada yake."

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Bi. Dzurko alikuwa amevaa kofia, na mapajani amebeba sahani ya pirogi, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, iliyofunikwa taulo, kwa maana mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu, hata kama anakwenda kukataliwa. Glavu ilikuwa ndani ya mkoba. Njiani alisema mara moja tu, kwamba naendesha kama ami yangu anavyoshona.

Truax alitupokea mlangoni kwa suti. Alizipokea pirogi kwa mikono miwili, hakujua aziweke wapi, akatembea nazo nyumba nzima. Chumba cha kabati kilikuwa upande wa kaskazini, mapazia yamefungwa, taa hafifu, kwa maana jua halikuruhusiwa humo. Kabati lilichukua kuta tatu. Kila mpira ulikaa juu ya kikalio kidogo cha mbao, umefunikwa kwa kifuniko cha kioo, na mbele yake kikadi: jina na mwaka. Walipangwa kwa miaka waliyoanza, bila kujali nani alikuwa nani. Nyota aliyesimamishiwa sanamu alikuwa kando ya mtu aliyecheza wiki mbili akarudi kuuza bima.

Bi. Dzurko alianza mwanzo. Alitembea polepole akisoma majina kwa sauti, kama mwalimu anayeita darasa. Mengine aliyajua. "Huyu Baba alikuwa akimtukana," akasema mbele ya mmoja. Truax alimfuata na sahani yake, na niliona anataka kusema neno lililotayarishwa, la heshima, la kukataa, lakini hapati pa kuliingiza.

Alipofika mwaka arobaini na tisa alisimama.

Kati ya mtupaji mmoja wa mkono wa kushoto na mdaka mpira mmoja mnene palikuwa na kikalio kitupu. Kioo chake kilikuwapo, kisafi, kimefunika hewa. Mbele yake kikadi, chapa ileile, wino uleule: Cyril Dzurko, 1949.

"Hapa pana nini?" akauliza, ingawa alikuwa amekwisha kusoma.

"Pake," Truax akasema. "Nimemwekea tangu nilipoanza."

"Na kioo?"

"Kila mmoja ana kioo."

"Unapangusa?"

"Kila wiki. Kama wengine."

Bi. Dzurko alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, nikamsogezea. Alikaa akitazama kioo kile. Mimi nilifahamu anachokiona kabla Truax hajafahamu, kwa sababu nimekulia mtaa mmoja na watu wao. Mkesha wa Krismasi, meza zao huwa na sahani moja ya ziada. Ina kijiko chake, bilauri yake, na kaki yake nyembamba ya unga iliyopakwa asali. Ni ya aliye mbali, au aliyekufa, au yule ambaye hamjui yuko upande gani kati ya hizo mbili. Haikaliwi na mtu. Nilipokuwa mdogo nilialikwa kwa jirani, nikanyoosha mkono kuchukua mkate kwenye sahani ile, na mama wa nyumba, ambaye hajawahi kumchapa hata mbwa, alinichapa kibao cha vidole.

"Kumbe mmemwekea sahani," akasema Bi. Dzurko.

Truax alitazama sahani ya pirogi mikononi mwake, kisha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa: si hiyo.

Alilia kidogo, bila kelele. Na hapo Dakta Truax, mtu aliyewahi kurudisha mpira wa bei ya nyumba kwa sababu ya mkia wa herufi moja, aliweka sahani chini sakafuni, akakohoa, akasema:

"Bibi, acha mpira wako. Nitaupokea. Nitaandika kando kwamba dada yake ameupitia kwa wino. Fusco ataandika karatasi inayosema hivyo."

Bi. Dzurko alifungua mkoba, akatoa glavu, akatoa mpira. Mkono wake mmoja tayari ulikuwa kwenye kioo. Kisha akageuka.

"Fusco, wewe umeingia naye kwenye stoo. Ni yeye, au si yeye?"

Alikuwa amelipata alilolitaka. Lilikuwa limebaki neno langu moja, na hakuna ambaye angekuja kunishtaki kwa neno hilo. Niliwaza hivyo, sikatai.

"Wino wake umo," nikasema, "chini kabisa. Lakini jina linaloonekana umeliandika wewe."

Alitazama safu nzima, yule wa mkono wa kushoto, yule mnene, wote waliotoka jasho kwa jezi ile, kisha akautazama mpira.

"Basi mimi sikuwahi kuichezea timu," akasema, akaurudisha ndani ya glavu.

"Lakini, bibi..."

"Hapana, dakta. Wewe umemwekea mahali. Mahali ndipo nilipokuwa napatafuta. Nikiweka hapo kazi ya mkono wangu nitakuwa nimemkalia kaka yangu kiti." Akanyanyuka, akaweka kofia sawa. "Na pasijazwe. Wasije wakaweka picha, wala chombo cha maua. Hao wa makumbusho waambie."

"Nitawaambia."

"Kwa maandishi. Watu wa jiji wanasahau. Na hizo pirogi zikaange na vitunguu, usizichemshe mara ya pili zitakuwa mpira."

Ndani ya gari alipenga kamasi kwa kishindo, akaniuliza kama nimekula.

Truax alikufa baada ya miaka kama minne, akiwa amempata kila mtu kasoro mmoja. Kabati lilihamishiwa jijini likiwa kama lilivyo. Ukienda utaiona nafasi yenyewe. Watoto wa shule huwauliza walinzi kama mpira umeibiwa, na walinzi wanasema hapana, huyo ndivyo alivyo.

Mimi na Bi. Dzurko tukawa watu wa kujuana. Aliniita mwaka uleule wa themanini na nane, Jumamosi Kuu, kwa simu: "Njoo uone ninavyofanya, uache kunifikiria kama mwizi." Nilikwenda nikiwa na maneno mengi ya kitaalamu. Nilimshauri aondoe mpira dirishani, auweke gizani, asiuguse tena, angalau kilichobaki chini kibaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kipande cha mkate wa Pasaka, akachukua biki yake ya benki, akampaka kaka yake mbele ya macho yangu. Tangu hapo nikawa nakwenda kila mwaka. Akimaliza huniuliza, "Bei?" nami hujibu, "Imeshuka," naye hufurahi kama aliyesikia habari ya mvua. Sijawahi kumweleza mtu wa fani yangu siku hiyo ya mwaka huwa niko wapi.

Miaka ilipita. Mikono yake ilianza kutetemeka, kwanza kidogo, kwenye bilauri, halafu ikawa hawezi kufunga vifungo. Jumamosi Kuu moja nilimkuta ameshakaa mezani, kikapu cha kupeleka kubarikiwa kanisani kiko tayari: nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, mayai ya rangi, siagi iliyochongwa mfano wa mwanakondoo. Kilimani hakuwa amepanda. Wajukuu wa jirani walikuwa wamempakia rangi makaburi ya wazazi wake. Mpira ulikuwa mbele yake juu ya taulo, na biki kando, haijafunguliwa.

"Shika wewe," akasema.

"Nishike mpira?"

"Mpira nitaushika mimi. Shika kalamu."

"Bi. Dzurko, mimi ni mthamini."

"Ndiyo maana mkono wako hautikisiki. Haya, kanisa halimngoji mtu."

Nilivua koti. Nilifungua biki. Nimewaambia watu kwa miaka yote hiyo, wakubwa na wadogo, mezani na kwa barua, kwamba hili ndilo jambo moja wasilifanye. Yeye aliubana mpira kwa viganja viwili, ukawa unatetemeka naye.

"Usiandike," akasema. "Fuata tu."

Niligusa kichwa cha C, na hapo ndipo nilipokijua kitu ambacho taa yangu haikuwahi kunionyesha. Palikuwa na mfereji. Kalamu ya mama yao ilikuwa ya ncha kali, na kijana aliyesaini usiku ule aliikandamiza kwa nguvu, kwa hasira au kwa haraka, akaikwaruza ngozi. Wino wake, hata ule niliowahi kuuona kwa taa, sasa ulikuwa umekwenda na jua. Mkwaruzo ulikuwa palepale, na biki iliingia ndani yake kama gurudumu kwenye njia yake, ikanivuta. Mahali pa z ilinigeuza upande nisioutarajia. Mimi z yangu siandiki hivyo, wala Bi. Dzurko haandiki hivyo. Sikuandika kitu. Nilifuata mpaka mkia wa o ya mwisho, nikainua mkono.

"Umemwona?" akauliza.

"Nimemwona."

Alikubali kwa kichwa, bila haraka, kama mtu ambaye amelijua jambo hilo kila mwaka na hakuona haja ya kulisema kwa watu wenye taa.

"Haya, bei?"

Niliugeuza mpira kama ninavyofanya kazini. Watu watatu sasa, jina moja, biki ya benki.

"Hauna bei hata senti," nikasema.

"Vizuri. Mweke akauke."

Niliupeleka dirishani, juu ya sinki, nikaugeuza jina litazame jua. Kisha nikabeba kikapu, nikampa mkono, tukaenda kanisani.